Akiwa kazini walimsifu, akiomba kazi walimtilia shaka: kisa cha Hillary Clinton, 2016

Tarehe 8 Novemba 2016, watafiti waliwasimamisha Wamarekani waliokuwa wakitoka vituoni baada ya kupiga kura na kuwauliza maswali kadhaa kuhusu wagombea wawili wakubwa wa urais. Swali mojawapo lilikuwa jepesi: je, huyu ana sifa za kuwa rais? Kwa Hillary Clinton, mgombea wa chama cha Democratic, asilimia 52 walijibu ndiyo. Kwa Donald Trump wa Republican, ni asilimia 38 tu. Kulipokucha, rais mteule alikuwa Trump.

Clinton alimzidi mpinzani wake kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, lakini Marekani rais huamuliwa na kura za wajumbe wa majimbo, na huko alishindwa kwa 227 dhidi ya 304. Tangu siku hiyo maelezo yamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanasema Wamarekani hawakuwa tayari kuongozwa na mwanamke, basi. Wa pili wanasema jinsia haikuhusika hata kidogo, hakupendwa yeye kama yeye. Maelezo yote mawili yanakimbia kazi. Ukizifuata takwimu za miaka 25, na ukiyaangalia kwa karibu mambo machache yaliyotokea kwenye kampeni, unaona kwamba Wamarekani walio wengi hawakuwa na shida na mwanamke mwenye cheo. Shida ilianza pale mwanamke huyo aliposimama mbele yao na kusema: nipeni. Na baada ya hapo kila kosa alilofanya, na makosa alikuwa nayo ya kweli, likawa na bei kubwa kuliko kosa la mwenzake.

Mstari unaopanda na kushuka

Taasisi ya Gallup ilianza kuwauliza Wamarekani wanamwonaje Hillary Clinton mwaka 1992, mumewe, Bill Clinton, alipokuwa akigombea urais. Watu wachache sana duniani wamepimwa namna hiyo kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mwaka huo wa 1992 aliingia midomoni mwa watu kwa sentensi moja. Waandishi walimuuliza kuhusu kazi yake ya uwakili wakati mumewe ni gavana wa Arkansas, akajibu kwamba labda angeweza kukaa nyumbani akioka biskuti na kuandaa chai, lakini aliamua kuifanya kazi aliyoisomea. Wanawake waliokuwa wakilea watoto nyumbani waliona wamedharauliwa. Arkansas kwenyewe walikuwa wameshamsumbua kabla ya hapo kwa jambo dogo zaidi: baada ya kuolewa aliendelea kutumia jina la baba yake, Rodham. Mumewe aliposhindwa kutetea ugavana mwaka 1980, jina hilo likatajwa miongoni mwa sababu. Bill Clinton aliporudi kugombea mwaka 1982, mkewe alijitambulisha kwa jina la Clinton. Kabla hajagombea chochote yeye mwenyewe, alikuwa ameshajifunza kujirekebisha ili asimponze mtu.

Alipoingia White House, mumewe alimpa jukumu la kuongoza mageuzi ya huduma za afya mwaka 1993. Mpango ulikufa mwaka uliofuata na sifa zake zikaporomoka nao. Septemba 1995 alikwenda Beijing kwenye Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, ule ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Getrude Mongella, na akatamka mbele ya serikali za dunia kwamba haki za wanawake ni haki za binadamu. Kule nje akashangiliwa. Nyumbani, mwanzoni mwa 1996, waliomwona vizuri walikuwa chini ya nusu.

Kisha ukaja mwaka 1998, mwaka wa fedheha ya mumewe ya kimapenzi na Monica Lewinsky, msichana aliyekuwa amefanya kazi White House. Desemba ya mwaka huo, Bill Clinton akipigiwa kura ya kushtakiwa bungeni, asilimia 67 ya Wamarekani walisema wanamwona Hillary vizuri. Hakuwahi kupata alama ya juu zaidi ya hiyo maishani mwake, si kabla wala baada. Hakuwa amepitisha sheria, hakuwa ameshinda uchaguzi. Alikuwa mke aliyetendwa, akavumilia bila kupiga kelele. Takwimu hiyo inaniuma kila ninapoirudia, kwa sababu inaonyesha wazi ni Hillary yupi taifa lilimpenda kuliko wote.

Alipotangaza kugombea useneta wa New York, alama zikashuka tena. Alishinda mwaka 2000 kwa asilimia 55, akafanya kazi kwa bidii na kimya, na mwaka 2006 watu wale wale wa New York wakamrudisha kwa asilimia 67. Alipotafuta urais mara ya kwanza, 2007 na 2008, akashuka. Alipokubali kushindwa na kwenda kumtumikia Barack Obama kama Waziri wa Mambo ya Nje, akapanda hadi karibu theluthi mbili ya wananchi na kukaa hapo miaka minne.

Hata katika miaka hiyo mizuri swali la mke wa nani halikumwacha. Agosti 2009, jijini Kinshasa, mwanafunzi mmoja alimuuliza kuhusu mikataba ya Wachina nchini Kongo, na swali lilivyomfikia kupitia mkalimani lilitaka kujua Bwana Clinton ana maoni gani. Baadaye ilielezwa kwamba mwanafunzi yule alimkusudia Obama. Waziri alibadilika uso hapo hapo. Mume wangu si waziri wa mambo ya nje, alijibu, waziri ni mimi. Video ikazunguka dunia. Kesho yake alikuwa Goma akikutana na wanawake waliobakwa vitani, safari ambayo hakuna waziri wa Marekani aliyewahi kuipa uzito wa namna hiyo, lakini watu wengi wanaoikumbuka ziara ile wanakumbuka uso uliokunjwa.

Mwaka 2010, Tyler Okimoto na Victoria Brescoll wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti unaosaidia kuusoma mstari huu. Waliwapa watu maelezo ya mwanasiasa wa kubuni, wengine wakapewa yenye jina la kiume na wengine yenye jina la kike. Maelezo yalipomwonyesha kuwa mtu mwenye kutafuta madaraka, mwanaume hakupoteza kitu. Mwanamke alipoteza kura, na wasomaji walieleza hisia za hasira na hata za kuchukizwa naye. Utafiti wa maabara hauwezi peke yake kueleza uchaguzi wa watu milioni 130 na ushei. Lakini unakaa juu ya takwimu za Gallup kama kiganja ndani ya glavu.

Simu ile ile

Oktoba 2011 Clinton alipigwa picha ndani ya ndege ya kijeshi akielekea Libya. Amevaa miwani myeusi, mbele yake pana makaratasi ya kazi, mkononi ameshika simu ya BlackBerry na anaisoma bila tabasamu wala wasiwasi. Aprili 2012 vijana wawili wa Washington waliichukua picha hiyo na kuanza kuitungia majibizano ya ujumbe mfupi: viongozi wa dunia wanamtumia meseji, yeye anawajibu kwa neno la mkato. Vichekesho hivyo vikasambaa kwa siku chache tu kama moto wa makuti. Clinton mwenyewe akawaalika vijana hao ofisini na kutunga wa kwake. Kwa kizazi kilichokuwa hakimjui vizuri, picha ile ilimtambulisha kama bosi: mwanamke asiyeomba radhi kwa kuwa na madaraka.

Tarehe 2 Machi 2015, gazeti la New York Times likaripoti kwamba katika miaka yake yote minne ya uwaziri hakutumia barua pepe ya serikali. Alitumia anwani binafsi, kwenye seva iliyokuwa nyumbani kwake Chappaqua. Picha ya miwani na simu ikarudi kwenye kurasa za mbele, safari hii kama ushahidi. Uso ni ule ule, simu ni ile ile. Kile kilichokuwa kujiamini mwaka 2012 kikawa kiburi na usiri mwaka 2015, na katikati hapo kilichobadilika zaidi ya yote ni kwamba sasa alikuwa njiani kuomba urais.

Lakini sitaki kumsafisha, maana hapa alijiponza. Tarehe 10 Machi aliwaita waandishi Umoja wa Mataifa na kusema alitaka urahisi wa kubeba kifaa kimoja. Baadaye ikaonekana alitumia zaidi ya kimoja. Kati ya barua pepe zaidi ya 60,000, alikabidhi kama 30,000 na nyingine zilizobaki zikafutwa kwa maelezo kwamba ni za binafsi. Alisisitiza kwamba hapakuwa na siri za serikali humo. Wapelelezi wa FBI walikuta barua 110 zilizokuwa na taarifa za siri wakati zinatumwa au kupokelewa. Neno la kuomba radhi lilimtoka Septemba, miezi sita baada ya habari kutoka. Mtu ambaye amekuwa akichunguzwa tangu 1992 naelewa kwa nini anafunga milango. Hata hivyo mpigakura wa Ohio hana wajibu wa kuelewa hilo. Yeye aliona maelezo yakibadilika kila mwezi, na mtu anayebadilisha maelezo kila mwezi hata mtaani kwetu haaminiki.

Yakaongezeka na mengine. Alikuwa amelipwa dola 675,000 na benki ya Goldman Sachs kwa hotuba tatu, na akakataa kuzitoa hadharani. Oktoba 2016 barua pepe za mwenyekiti wa kampeni yake, John Podesta, zilizoibwa, kisha zikamwagwa na mtandao wa Wikileaks unaofichua nyaraka za siri, zikaonyesha vipande vya hotuba zake za kulipwa, mojawapo akieleza kwamba katika siasa mtu anahitaji msimamo wa hadharani na msimamo wa faragha. Mwanasiasa yeyote anajua ni kweli. Kwa mtu anayetuhumiwa kuwa na sura mbili, hakukuwa na sentensi mbaya zaidi ya kuvuja.

Lisemwalo lipo

Septemba 11, 2012 balozi wa Marekani nchini Libya, Chris Stevens, na wenzake watatu waliuawa Benghazi. Clinton alikuwa waziri. Bunge liliunda uchunguzi juu ya uchunguzi, na mwisho kamati maalumu. Septemba 2015, Kevin McCarthy, kiongozi wa wabunge wa Republican, aliulizwa kwenye televisheni chama chake kimefanya nini cha maana. Akajisahau, akasema ukweli: kila mtu alidhani Hillary Clinton hashindiki, tukaunda kamati ya Benghazi, sasa tazameni alama zake, zinashuka. Kauli hiyo ilichangia kumkosesha uspika wa bunge mwaka huo. Ila yeye alieleza tu mtambo unavyofanya kazi.

Waswahili tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndivyo akili ya watu inavyofanya kazi kila mahali. Mtu akichunguzwa mara nyingi, wingi wa uchunguzi wenyewe unageuka kuwa ushahidi. Tarehe 22 Oktoba 2015 Clinton alikaa mbele ya kamati ile kwa saa 11, akajibu bila kupandisha sauti, na hata baadhi ya wapinzani wake walikiri hakuna jipya lililopatikana. Siku hiyo moja ilimsaidia. Barua pepe zilizogunduliwa kwa sababu ya uchunguzi huo huo ziliendelea kumla mwaka mzima uliofuata.

Gallup iliwauliza watu, kati ya Julai na Septemba 2016, waeleze kwa maneno yao wenyewe wamesoma au kusikia nini kuhusu kila mgombea. Kwa Trump majibu yalisambaa: hotuba, wahamiaji, Mexico, matusi. Kwa Clinton neno moja lilifunika yote: barua pepe. Sera zake za malezi ya watoto, za likizo ya uzazi yenye malipo, za mshahara wa kima cha chini, hazikuonekana. Watafiti wawili walioandika katika jarida la Columbia Journalism Review walihesabu kwamba katika siku sita tu, gazeti la New York Times lilikuwa na habari nyingi za ukurasa wa mbele kuhusu barua pepe za Clinton kama ilizokuwa nazo kuhusu masuala yote ya sera katika siku 69 za mwisho wa kampeni. Hilo ni gazeti ambalo tahariri yake ilimuunga mkono.

Siku sita hizo zilikuwa zile baada ya tarehe 28 Oktoba. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, aliyekuwa amesema Julai kwamba Clinton na wasaidizi wake walikuwa wazembe kupita kiasi lakini hakuna mwendesha mashtaka makini angefungua kesi, aliwaandikia wabunge kwamba zimepatikana barua nyingine kwenye kompyuta ya mume wa msaidizi wa Clinton. Zilibaki siku 11 uchaguzi ufanyike. Tarehe 6 Novemba akaandika tena: hakuna kilichobadilika. Barua ya kwanza ilifika kila sebule. Ya pili iliwakuta mamilioni wameshapiga kura.

Sura, sauti na tabasamu

Hapa ndipo wale wanaosema jinsia haikuhusika wanapopata shida. Machi 2016, usiku Clinton aliposhinda majimbo makubwa ya mchujo, mtangazaji maarufu wa televisheni, Joe Scarborough, alimshauri hadharani kwenye mtandao: tabasamu, umepata usiku mzuri. Septemba, baada ya mahojiano ya wagombea kuhusu vita na usalama wa taifa, mwenyekiti wa Republican, Reince Priebus, alilalamika kwamba Clinton alionekana mkali na hakutabasamu muda wote. Mada ilikuwa Iraq na wanajeshi wanaojiua! Kama angekaa akichekacheka, wangesemaje?

Trump alisema Aprili kwamba Clinton asingekuwa mwanamke asingepata hata asilimia tano ya kura. Septemba akasema hana mwonekano wa rais. Kwenye mdahalo wa kwanza, Chuo Kikuu cha Hofstra, mwongozaji Lester Holt akamuuliza alimaanisha nini, naye akahamia kwenye stamina: hana nguvu za kuhimili kazi. Clinton akajibu kwamba siku huyu bwana akishasafiri nchi 112, akajadili mkataba wa amani na kukaa saa 11 mbele ya kamati ya bunge, ndipo azungumze naye kuhusu stamina. Lilikuwa jibu lake bora kuliko yote katika kampeni, na watazamaji wengi waliohojiwa walisema ameshinda mdahalo ule.

Tatizo ni kwamba wiki mbili kabla, Septemba 11, alikuwa ameondoka mapema kwenye kumbukumbu ya mashambulizi ya New York na video ikamwonyesha akiishiwa nguvu wakati akiingizwa garini. Ilibainika madaktari walishamwambia tangu tarehe 9 kwamba ana nimonia, na alikuwa ameificha. Nadhani aliificha kwa sababu alijua mwanamke wa miaka 68 akisema anaumwa atazikwa kisiasa siku hiyo hiyo. Kuificha kukathibitisha tuhuma nyingine, ile ya usiri. Angetangaza, ni dhaifu. Alinyamaza, ni mwongo. Kwa kila mlango aliopita kulikuwa na mtu amesimama na rungu.

Kwenye mkutano mkuu wa Republican jijini Cleveland, Julai, gavana wa New Jersey Chris Christie aliendesha kesi ya mfano jukwaani, ukumbi mzima ukipiga kelele afungwe. Nje ziliuzwa fulana na beji zenye matusi juu ya mwili wake ambayo sitayaandika. Zilivaliwa na wanaume na wanawake pia. Siku hizo watu walizoea kusema hiyo ni siasa tu. Wagombea wanaume wamechukiwa sana Marekani, Nixon alichukiwa, lakini hakuna aliyeuza beji za mapaja yake.

Na hivi vyote havifuti kwamba naye alitukana. Tarehe 9 Septemba, kwenye hafla ya kuchangisha fedha New York, aliwagawa wafuasi wa Trump nusu kwa nusu na kuwatupa nusu mmoja kwenye kapu la watu wa hovyo, wabaguzi. Alisema anajuta kusema nusu. Kwa watu wa miji ya viwanda vilivyofungwa, ambao tayari walimwona kama mama mkubwa wa Washington anayewaangalia kutoka juu, haikuhitajika tafsiri nyingine.

Wanawake hawakuwa kambi moja

Kosa kubwa la kampeni, na la wachambuzi wengi wa nje, lilikuwa kudhani wanawake watajipanga nyuma ya mwanamke. Dalili zilionekana mapema. Februari 2016, huko New Hampshire, Madeleine Albright, waziri wa kwanza mwanamke wa mambo ya nje, alisema akiwa upande wa Clinton kwamba kuna mahali maalumu motoni kwa wanawake wasiosaidiana. Vijana wa kike waliokuwa wakimpenda Bernie Sanders, mpinzani wa Clinton katika mchujo wa chama, walikasirika, na siku chache baadaye Sanders akawachukua wanawake wa jimbo hilo kwa asilimia 55 dhidi ya 44. Kwao Clinton alikuwa kura ya vita ya Iraq ya mwaka 2002 na fedha za mabenki. Jinsia yake waliiona, haikuwatosha. Siwalaumu.

Novemba, wanawake kwa ujumla walimpa asilimia 54. Ndani ya namba hiyo mna nchi mbili. Wanawake Weusi walimpa asilimia 94, pamoja na kwamba wengi wao walikuwa bado na kinyongo juu ya sheria kali za jinai za miaka ya 1990 alizozitetea. Wanawake Weupe, kwa mujibu wa mahojiano ya vituoni, walimpa Trump wengi wao, asilimia 52, mwezi mmoja baada ya kusikia mkanda ambao Trump anajisifu kushika wanawake bila ridhaa. Uchunguzi wa baadaye wa taasisi ya utafiti ya Pew, uliotumia kumbukumbu za waliopiga kura kweli, ulishusha namba hiyo hadi 47 dhidi ya 45 za Clinton, lakini Trump alibaki mbele. Waliosoma chuo walimwendea Clinton. Wasiosoma chuo walimkimbia kwa tofauti kubwa mno. Mwanamke wa Pennsylvania ambaye mumewe amepoteza kazi ya chuma alimtazama Clinton na hakujiona yeye.

Upande mwingine kulikuwa na upendo ambao takwimu za jumla zinauficha. Alipokubali uteuzi wa chama Philadelphia tarehe 28 Julai alivaa suti nyeupe, rangi ya wanawake waliopigania haki ya kura iliyopatikana mwaka 1920. Siku ya uchaguzi, watu kwa maelfu walipanga foleni kwenye makaburi ya Mount Hope, Rochester, wakabandika stika zao za kupiga kura kwenye kaburi la Susan B. Anthony, aliyekamatwa mwaka 1872 kwa kosa la kupiga kura. Hao nao ni maoni ya umma. Wiki chache baada ya kushindwa, Gallup ilipouliza ni mwanamke gani duniani wanayemstahi zaidi, Wamarekani walimtaja Clinton juu ya wote, kwa mwaka wa 15 mfululizo.

Kupima uzito

Mwaka 1937 Gallup ilipouliza kama watu wangempigia kura mwanamke anayefaa wa chama chao, asilimia 33 walikubali. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 92. Hata ukipunguza wanaojibu kwa adabu tu, hiyo ni nchi iliyobadilika, na kura milioni 65.8 za Clinton ni ushahidi. Kwa hiyo anayesema Marekani haiwezi kumchagua mwanamke anapuuza hesabu.

Chama kilibeba uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Karibu wapigakura tisa kati ya kumi wa kila chama walimpigia mgombea wa chama chao. Uchaguzi uliamuliwa na tofauti ya kura kama 78,000 katika majimbo matatu: Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Kwa tofauti ndogo hivyo kila sababu inatosha kuwa sababu. Wisconsin Clinton hakukanyaga baada ya mchujo, uamuzi mbovu ambao hauna jinsia. Waliojitokeza kupiga kura miongoni mwa Wamarekani Weusi walishuka kutoka asilimia 66.6 mwaka 2012 hadi 59.6.

Lakini kuna kundi moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Kwenye suala la uaminifu wagombea wote wawili walikuwa hoi: asilimia 36 walimwona Clinton mkweli, 33 walimwona Trump mkweli. Kati ya wapigakura wote, asilimia 18 hawakumpenda yeyote kati yao. Hawa ndio walikuwa na mzani mkononi, maana chuki ilikuwa sawa pande zote. Walimpa Trump asilimia 47 na Clinton 30. Sehemu ya hiyo ni hamu ya mabadiliko baada ya miaka minane ya Democratic, sikatai. Lakini mtu aliyeficha marejesho yake ya kodi, aliyefilisi biashara mara kadhaa, aliyesikika kwenye mkanda ule, alisamehewa na watu wasiompenda. Aliyeendesha barua pepe kienyeji hakusamehewa na watu wale wale. Karibu mmoja kati ya sita wa waliosema Trump hana sifa za kuwa rais walimpigia kura hivyo hivyo. Sijawahi kuona maelezo yanayoitosheleza tofauti hiyo bila kuiingiza jinsia mahali fulani, na mahali pake naona ni hapo kwenye bei ya makosa.

Kwa kawaida aliyeshindwa urais hupata nafuu machoni pa watu akishaondoka ulingoni. Clinton hakupata. Desemba 2017, akiwa ameshatoka na maelezo yake ya kwa nini alishindwa, waliomwona vizuri walikuwa asilimia 36, chini kabisa tangu 1992. Safari hii hakurudi kwenye utumishi wa kimya. Alibaki akiongea, akilaumu, akidai alichoona ni haki yake.

Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic dhidi ya Trump mwaka 2024, na washauri wake walikisoma kisa hiki. Kwenye mkutano mkuu wa chama jijini Chicago, wajumbe wengi wanawake walijaza ukumbi wakiwa wamevaa nyeupe. Yeye akapanda jukwaani na suti ya rangi ya bluu iliyokoza. Hakuongelea kuwa mwanamke wa kwanza. Alizungumzia uendesha mashtaka, bei ya vyakula, haki ya kutoa mimba. Hakuwa ameomba kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kama Clinton. Aliingia Julai baada ya Joe Biden, rais wa wakati huo, kujitoa, akafanya kampeni ya siku 107. Kicheko chake kikafanywa hoja, kama kutokucheka kwa Clinton kulivyofanywa hoja. Alipoteza majimbo yote saba yaliyokuwa na ushindani, na safari hii kura za nchi nzima pia, 48.3 dhidi ya 49.8. Mfumuko wa bei ulimwangusha zaidi ya kitu kingine, na vyama tawala vingi duniani vilianguka mwaka huo. Ila kukwepa kuitaja jinsia hakukumpunguzia chochote, kwa sababu waliokuwa wakiitaja walikuwa wengine.